Gesi na Chombo Chake

Ukisimama asubuhi kando ya barabara kuu pale Longisa, baina ya Bomet na Mulot, utaona vitu viwili ambavyo si desturi ya watu kuvifikiria pamoja. Cha kwanza ni malori marefu ya mafuta, yakipanda na kushuka vilima polepole kwa sababu ya uzito wake. Cha pili, ikiwa mahindi yamekwisha kupukuchuliwa, ni magunzi yaliyorundikwa nyuma ya majiko, yakingojea kuchomwa. Malori yale yamebeba petroli na dizeli ambazo zimesafiri kutoka ng'ambo ya bahari. Magunzi yale hayana bei, wala hakuna anayeyahesabu. Nataka kukueleza jinsi vitu hivi viwili vilivyokutana katika historia, ijapokuwa havikukutana hapa kwetu. Lakini kabla ya kufika huko, hapana budi tuianze safari mbali kidogo, katika tabia ya kitu kiitwacho gesi asilia.

Gesi asilia ni hewa iwakayo, ambayo aghalabu huchimbwa chini ya ardhi. Sehemu yake kubwa ni methani. Mwitaliano Alessandro Volta aliikusanya hewa hiyo mwaka 1776 kwa kuyachokora matope ya Ziwa Maggiore kwa fimbo, na kuyanasa mapovu yaliyopanda juu. Methani hutoka katika vinamasi vyetu pia, na katika mavi ya ng'ombe yanapooza mahali pasipopenya hewa. Usiichanganye na gesi ya kupikia iuzwayo madukani. Ile ni ya jamii nyingine. Hugeuka kuwa maji kwa kubanwa kidogo tu, na ndiyo maana ukiutikisa mtungi wa nyumbani utasikia kitu kikicheza ndani yake. Methani haikubali kutendewa hivyo. Mwaka 1845 Michael Faraday, bingwa wa sayansi wa Uingereza, aliibana na kuitia baridi kwa kadiri ya uwezo wa vyombo vyake, nayo ikabaki hewa vile vile. Sababu ilieleweka mwaka 1869, Thomas Andrews wa Belfast alipoonyesha kwamba gesi ina kikomo chake cha joto, na kwamba juu ya kikomo hicho haigeuki maji hata uibane kwa nguvu za namna gani. Kwa methani kikomo hicho ni nyuzi 82 na zaidi chini ya sifuri. Hata usiku wa baridi kali kuliko zote katika vilima vya Kericho hauwezi kukaribia hapo.

Sasa shika hesabu moja, kwa maana habari yote inayofuata imejengwa juu yake. Chukua gesi asilia lita 1,000 katika hali yake ya kawaida, yaani sanduku lenye mita moja kwa urefu, upana na kimo. Gesi yote hiyo ikichomwa hutoa nguvu iliyo karibu sawa na ile ya lita moja ya petroli. Lita moja unaishika kwa mkono katika chupa; lita elfu moja zataka chumba kidogo. Gesi ni safi, huwaka vizuri, na katika nchi nyingi ni rahisi kuliko petroli. Kosa lake ni moja tu: hukataa kukaa mahali padogo.

Huenda ukastaajabu kusikia kwamba injini za kwanza zilizofaa kazi zilitumia gesi, si petroli. Nikolaus Otto alipoikamilisha injini yake ya mapigo manne mwaka 1876, huko Deutz karibu na mji wa Cologne, ilikunywa gesi ya makaa ya mawe iliyoletwa kwa bomba, ile ile iliyowasha taa za mitaani. Ilikuwa injini nzuri sana, lakini ilikuwa mfungwa wa bomba lake. Haikuweza kwenda zaidi ya hapo lilipoishia. Walipotokea watu waliotaka kuitia injini katika gari lisilo farasi, hawakuuliza ni moto gani ulio bora. Waliuliza ni moto gani unaobebeka. Karl Benz, aliyepata hati ya uvumbuzi wa motokaa yake mwezi wa Januari 1886, alichagua mafuta mepesi yaliyouzwa na wauza dawa. Mwezi wa Agosti 1888 mke wake Bertha alifunga safari na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya kilomita 100 hivi. Mafuta yalipopungua njiani, alisimama katika duka la dawa mjini Wiesloch akanunua mengine. Fikiri, msomaji: kama injini yake ingekuwa ya gesi, mama yule angenunua nini, na angekitia katika nini? Petroli ilishinda kwa sababu ya chupa.

Ushindi huo ulidumu mradi petroli ilipatikana. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipoyafanya mafuta kuwa adimu, Waingereza waliirudia gesi ya mjini. Katika miaka ya 1917 na 1918 yalionekana huko mabasi na magari ya mizigo yenye mfuko mkubwa wa kitambaa kilichopakwa mpira, umefungwa juu ya paa na kuvimba kama godoro la jitu. Jambo hilo lilirudi tena katika Vita Vikuu vya Pili, Uingereza na Ufaransa pia. Tupige hesabu. Tuseme mfuko una urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kimo cha mita 1. Umebeba lita 6,000. Gesi ya makaa ina nusu tu ya nguvu ya gesi asilia, kwa hiyo mfuko mzima ni sawa na lita 3 za petroli, basi. Dereva aliondoka mfuko ukiwa umetuna, akarudi ukiwa umelegea na kupigapiga paa kwa upepo. Na alikuwa na haki ya kuziogopa cheche, matawi ya miti na madaraja ya chini. Watu wa leo huzicheka picha za magari yale. Mimi siwacheki waliyoyaendesha, maana walikuwa na kazi ya kufanya na hawakuwa na kitu kingine. Huko Sichuan, nchini China, ambako tangu zamani sana watu walichemsha maji ya chumvi kwa gesi asilia iliyopitishwa katika mianzi, mabasi yenye mifuko juu ya paa yaliendelea kutembea miaka mingi baada ya vita.

Njia ya pili ilikuwa nguvu. Kama gesi haitaki kukaa mahali padogo, na ilazimishwe. Katika miaka ya 1930 Waitaliano, ambao nchi yao ina mafuta haba lakini ina gesi katika bonde la mto Po, walianza kuishindilia katika mitungi ya chuma na kuifunga mitungi hiyo katika magari. Tangu hapo Italia ikawa mwalimu wa mataifa katika kazi hii. Mgandamizo uliozoeleka siku hizi ni mara 200 ya ule wa hewa tunayoivuta, na mahali pengine mara 250. Ni nguvu ya kutisha. Jaribu kuiona hivi: kila eneo la ndani ya mtungi lililo sawa na ukucha wa kidole gumba hubeba msukumo wa zaidi ya kilo 200. Kwa sababu hiyo mtungi sharti uwe mnene, na kwa kuwa ni mnene, ni mzito. Mtungi wa chuma wa lita 60 hukaribia uzito wa mtu mzima, na gesi iliyomo ndani yake haizidi kilo 9 au 10, yaani sawa na lita 14 hivi za petroli. Tangi la kawaida la ukubwa huo huo lingechukua petroli lita 60. Kwa hiyo hata baada ya kutumia nguvu zote hizo, mwenye gari la gesi hupata kama robo tu ya alichokuwa nacho jirani yake mwenye petroli, na nafasi ya mizigo imekwisha.

Habari hii ya Waitaliano inaingia katika historia yetu wenyewe. Kampuni ya mafuta ya serikali yao, AGIP, iliyoanzishwa mwaka 1926, ndiyo iliyoigundua gesi asilia mwaka 1974 katika kisiwa cha Songo Songo, karibu na Kilwa, katika pwani ya kusini ya Tanzania. Mwaka 1982 ikagundua nyingine Mnazi Bay, huko Mtwara. Ungedhani kwamba nchi iliyokuwa ikiumia kwa bei ya mafuta ingeikimbilia gesi hiyo mara moja. Haikuwa hivyo. Gesi ya Songo Songo ilikaa chini kwa miaka 30, ikijulikana ilipo na kiasi chake, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuifikisha kwa watu. Wale waliovua samaki juu yake waliendelea kununua mafuta ya taa kwa chupa. Hatimaye bomba lilijengwa, kilomita 25 chini ya bahari na kilomita zaidi ya 200 katika nchi kavu, na mwaka 2004 gesi ikafika Ubungo, Dar es Salaam, ikaanza kuzalisha umeme. Bomba la pili, refu zaidi, kutoka Mtwara, lilizinduliwa mwaka 2015.

Kutoka gesi ya bomba ndipo magari ya Dar es Salaam yalipoanza kunywa gesi. Vituo vilikuwa vichache mno mwanzoni. Mwenye teksi au bajaji alifunga mtungi nyuma, akapoteza nafasi ya mizigo, akapata safari zenye gharama nafuu. Na kwa dereva ambaye sehemu kubwa ya kipato chake huishia katika tangi, badiliko hilo si dogo. Watu wakaipenda gesi kuliko vituo vilivyoweza kuwahudumia. Katika miaka ya 2024 na 2025 foleni za kujaza zilikuwa ndefu hata magazeti yakaziandika. Kisa cha foleni hizo ni kile kile cha Otto na bomba lake. Kituo cha gesi chahitaji mashine kubwa ya kushindilia, inayokula umeme mwingi na kugharimu fedha nyingi, kwa hiyo si kila mwenye duka la petroli anayeweza kukifungua.

Njia ya tatu, ile ya baridi, nitaipita haraka. Ukiipoza methani hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, inageuka maji, na lita 600 za hewa huwa lita moja. Wamarekani walijenga matangi ya namna hiyo mjini Cleveland. Tarehe 20 Oktoba 1944 tangi moja, ambalo chuma chake hakikuweza kustahimili baridi kali, lilipasuka, maji ya gesi yakatiririka mitaani na kuingia katika mifereji ya maji machafu, yakashika moto, na watu wapatao 130 wakafa. Ilipita miaka mingi kabla watu hawajaithubutu tena kazi hiyo. Mwaka 1959 meli iitwayo Methane Pioneer ilivuka bahari ya Atlantiki kutoka Louisiana hadi Canvey Island, Uingereza, ikiwa na shehena ya gesi ya maji, na leo meli kubwa za namna hiyo ni jambo la kila siku. Lakini baridi hiyo hailindiki katika gari dogo. Lori linalosafiri kila siku laweza kuitumia. Gari linaloegeshwa wiki nzima litakuta gesi yake imechemka na kutoroka.

Sasa tumefika kwenye mkaa, na hapa naomba turudi nyumbani. Katika jamii ya Wakipsigis, maziwa ya mursik hutengenezwa katika kibuyu kiitwacho sotet. Kabla ya maziwa kutiwa, kijiti cha mti wa senetwet huchomwa mpaka kiwe kaa jekundu, nacho husuguliwa ndani ya kibuyu, kikasagika na kuacha unga mweusi mwembamba ukutani. Maziwa yakikaa humo hupata ladha na rangi yake ya kijivu. Mama anayeifanya kazi hiyo hakufundishwa kemia, na wala sidai kwamba alikuwa akifanya kazi ya maabara. Lakini alijua jambo ambalo wanasayansi wa Ulaya waliliandika katika karne ya 18, kwamba mkaa si takataka ya moto. Mkaa una tabia yake.

Tabia hiyo ilipimwa na Carl Wilhelm Scheele, Msweden, mwaka 1773, na Mwitaliano Felice Fontana mwaka 1777: kaa lililopozwa pasipo hewa, likifunguliwa katika chupa ya gesi, huinywa gesi hiyo na kuificha. Mwaka 1814 Théodore de Saussure wa Geneva alipima mkaa mmoja mgumu, akaona kwamba kipande chake kiliweza kuchukua amonia mara 90 ya ukubwa wake. Ilikwenda wapi? Haikuingia ndani ya kaa kama sukari inavyoingia katika chai. Ilinata juu ya kuta za vitundu vyake visivyohesabika. Mwaka 1881 Mjerumani Heinrich Kayser aliona hapana budi jambo hilo lipewe jina lake lenyewe, lisichanganywe na kufyonza.

Ili ulielewe vizuri, fikiri kundi la ndege angani wakati wa magharibi. Wakiruka, hujaza anga lote, kwa sababu kila mmoja anataka nafasi ya kupiga mabawa. Wakitua katika mti mmoja wenye matawi mengi, kundi zima huenea katika mti huo na bado nafasi ikabaki. Chembe za gesi ni kama ndege hao. Mtungi mtupu ni anga. Huwezi kuwasonga ila kwa nguvu. Mkaa ni mti. Na ajabu ni wingi wa matawi: gramu moja tu ya mkaa uliotengenezwa vizuri, kiasi cha kufunika ncha ya kijiko, ina kuta za ndani ambazo zikitandazwa zinazidi mita 1,000 za mraba, na katika mkaa ulio bora sana zinafika mara mbili au tatu ya hapo. Mita 1,000 za mraba ni robo ya eka.

Watu wengi walijifunza nguvu ya mkaa kwa njia ya huzuni. Gesi ya sumu ilipotumiwa vitani mwaka 1915, askari waliokolewa na vinyago vilivyotiwa mkaa. Na mkaa ulio bora kwa kazi hiyo ulitoka katika vifuu vya nazi na kokwa za matunda. Huko Marekani mwaka 1918 wananchi waliombwa wasizitupe kokwa, bali wazikusanye. Angalia, msomaji, jinsi kilichotupwa jikoni kilivyokuwa baina ya askari na mauti.

Haikuwa vigumu kutoka hapo kufikiri: kama mkaa huishika gesi mbaya isimfikie mtu, je, hauwezi kuishika gesi njema mpaka mtu aihitaji? Fikira hiyo ilifanyiwa kazi miaka mingi katika nchi mbalimbali. Shabaha iliyowekwa na Idara ya Nishati ya Marekani mwaka 2000 ilikuwa hii: lita moja ya chombo ichukue lita 180 za gesi, kwa mgandamizo wa mara 35 tu badala ya mara 200 na zaidi. Kwa mgandamizo huo mdogo mtungi mtupu huchukua lita zisizofika 40. Kwa hiyo mkaa ulitakiwa kuzidisha uwezo wa chombo kiasi cha mara tano, kwa kuweko tu.

Mwezi wa Februari 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, wakiongozwa na Peter Pfeifer, pamoja na wenzao wa Midwest Research Institute ya Kansas City, walitangaza kwamba wameifikia shabaha hiyo. Na walitumia nini? Magunzi ya mahindi. Missouri ni nchi ya mahindi kama Bomet, tena kuliko Bomet, na magunzi huko hubaki mashambani kwa wingi. Waliyachoma pasipo hewa, wakayatibu kwa dawa na joto hata yakawa na vitundu vyembamba mno, kisha wakaugandamiza mkaa huo ukawa matofali madogo. Tangu Oktoba 2006 gari moja dogo la mizigo lilikuwa likitembea mjini Kansas City na tangi la namna hiyo. Na kwa kuwa mgandamizo ulikuwa mdogo, tangi halikuwa na haja ya kuwa la mviringo na nene kama kombora. Liliweza kufanywa bapa na kulazwa chini ya gari, mahali ambapo tangi la petroli hukaa, na mwenye gari akarudishiwa nafasi ya mizigo yake.

Naam, utauliza: ikiwa jambo hili lilitendeka mwaka 2007, mbona hatuyaoni magari hayo barabarani? Swali ni la haki, nami sipendi kuficha jibu. Gesi inaponata katika mkaa hutoa joto. Ukijaza tangi kwa haraka, mkaa hupata moto, na mkaa wenye moto hushika gesi kidogo. Hivyo tangi lililopimwa polepole katika maabara kuwa limejaa, kituoni litajaa nusu na kitu. Wakati wa safari mambo hugeuka. Gesi ikiondoka hubeba joto, mkaa hupoa, na sehemu ya gesi hukataa kutoka, ikabaki ndani kama abiria asiyetaka kushuka. Tena gesi ya bombani si methani tupu. Ina chembe nzito kidogo, ambazo huingia katika vitundu na kukaa humo daima, na kila ukijaza, nafasi inapungua. Yote hayo yana dawa, lakini kila dawa ina gharama, na mtungi wa chuma, pamoja na uzito wake wote, umekwisha kujulikana na kuaminiwa. Mwaka 2012 Idara ile ile ya Marekani iliiinua shabaha yake juu zaidi, na mkaa ukaachwa nyuma kidogo.

Wakati huo mkaa ulikuwa umepata mshindani. Mwaka 1989 Richard Robson, aliyekuwa akifundisha Melbourne, alianza kuunganisha chembe za madini na nyuzi za kaboni zikawa kama mihimili ya nyumba yenye vyumba vitupu. Mwaka 1997 Susumu Kitagawa wa Japani alionyesha kwamba vyumba hivyo huweza kuingiza methani na kuitoa pasipo kubomoka. Mwaka 1999 Omar Yaghi alitengeneza kimoja ambacho gramu chache zake zina kuta zenye upana wa uwanja wa mpira. Yaghi alizaliwa Amman, Yordani, mwaka 1965, katika jamaa ya wakimbizi wa Kipalestina, nyumba yenye chumba kimoja ambacho watoto walikigawana na mifugo. Mwezi wa Oktoba 2025 watu hao watatu walitunukiwa tuzo ya Nobel ya kemia. Wakulima wa Missouri wanaweza kusema kwamba magunzi yalikuwa rahisi zaidi, na sidhani kwamba wamekosea.

Basi tuirudie barabara ya Longisa. Mafuta yanayopita hapo hushushwa Mombasa. Tangu mwaka 1978 husukumwa kwa bomba hadi Nairobi, na tangu mwaka 1994 hadi Kisumu na Eldoret. Kutoka mwisho wa bomba huchukuliwa na malori. Hatari yake imetugusa pia. Tarehe 31 Januari 2009, Sachang'wan, upande wa Molo, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuteka mafuta yaliyomwagika, moto ukazuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Wale wasemao kwamba gesi ndiyo yenye hatari, na petroli ni salama kwa sababu tumeizoea, wawakumbuke hao.

Kwa upande wa gesi asilia, mwezi wa Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipoitembelea Kenya, nchi mbili hizi zilitia sahihi maafikiano juu ya bomba la kutoka Tanzania hadi Mombasa. Lakini hata bomba hilo likijengwa, Mombasa si Longisa. Kutoka pwani hadi Nairobi ni mwendo wa kilomita 480 hivi, na kutoka Nairobi hadi Longisa ni zaidi ya 200. Gesi ikifika huku italetwa ndani ya chombo cha namna fulani, na dereva wa gari linalozunguka vituo vya kununulia majani chai ili kuyapeleka kiwandani Kapkoros au Tirgaga hatauliza kisima kiko wapi. Atauliza chombo ni kizito kiasi gani, kinajazwa wapi, na kinamfikisha mbali gani katika matope ya mwezi wa Aprili.

Tena kuna gesi nyingine iliyo karibu zaidi. Katika maboma kadha wa kadha ya nchi hii mavi ya ng'ombe hutiwa katika shimo lililojengwa kwa matofali, na methani inayopanda hupikiwa chai. Zaidi ya nusu ya hewa hiyo ni methani. Iliyobaki karibu yote ni kaboni dioksaidi, ambayo huweza kuondolewa kwa kuipitisha hewa hiyo katika maji. Mwenye shimo hilo hawezi kuitia gesi yake katika pikipiki, kwa sababu mashine ya kushindilia mara 200 ni kubwa na ghali kuliko mji wake mzima. Mashine ya mara 35 ni jambo jingine. Kinachokosekana baina ya shimo lake na pikipiki ni tangi bapa lenye mkaa mzuri ndani yake, mkaa usiochoka upesi na usiopata moto ukijazwa. Na nyuma ya jiko lake, mita chache kutoka shimo lile, magunzi yamelala katika rundo, na jioni mtoto atatumwa akayaokote machache ya kuwashia moto.